Mluzi Haukupita Kwenye Rezini

Mama yangu alikuwa anapiga mluzi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakilisikia wanakunja uso. Sisi wa upande wa Butembo tulifundishwa kwamba mwanamke hapigi mluzi. Anaita mikosi, anaita nyoka, anaita sijui nini. Mama alikuwa anawajibu kwamba Kituku hakuna nyoka mwenye akili zake anayeweza kuishi, kwa makelele yale! Aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale ufukweni kwenye soko la Kituku tangu mimi nikiwa mtoto. Asubuhi mitumbwi ikiingia, wanawake wote wanapaza sauti kwa pamoja, na ukiita mtoto kwa jina wanageuka watoto kumi. Basi yeye aliweka ulimi nyuma ya meno ya mbele, akatoa mluzi mmoja mrefu unaopanda mwishoni. Huo ulikuwa wetu, wa mimi na mdogo wangu. Tulipaswa kujibu kwa miluzi miwili mifupi, maana yake nimesikia, niko nakuja. Usipojibu, ole wako. Anaacha samaki wake mezani anaanza kukutafuta, akidhani umezama, na akikukuta mzima anakuchapa kwa sababu hukuzama.

Mdogo wangu alijibu vizuri sana. Mimi hadi leo mdomo wangu unatoa hewa tupu, kwa hiyo nilikuwa najibu kwa kukimbia.

Alipokua, mdogo wangu alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi, akaoa hukohuko, akabaki. Kila Jumapili baada ya misa mama alimtumia ujumbe wa sauti kwa simu yake mwenyewe: nani ameolewa, nani amekufa, bei ya sambaza, baraka za Mungu, na mwisho kabisa mluzi. Naye alirudisha miwili mifupi. Watu wazima hao! Nilikuwa nawatania: nyinyi ni watu ama ni ndege? Mama alinijibu, "Wivu tu. Wewe hujui hata kupuliza chai."

Kisha vita viliingia mjini. Sitaki kueleza vita, kila mtu wa Goma ana vyake. Katika siku zile za uporaji nilinyang'anywa simu mlangoni pangu, hapa mtaa wa Mapendo, na cherehani yangu ikabebwa mbele ya macho yangu. Cherehani niliililia. Simu sikuijali, na kumbe simu ndiyo ilikuwa na mambo. Aliyeichukua alisoma mazungumzo yetu, akamwandikia mdogo wangu kana kwamba ni mimi: mama ametekwa kwenye barabara ya Rutshuru, tuma pesa haraka. Akaweka na sauti ya mwanamke analia. Mdogo wangu akauza pikipiki yake, iliyokuwa kazi yake, akatuma. Baadaye, tulipompata kwa simu ya jirani, maana ya mama ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, mama akiwa ameketi zake anachambua maharagwe, mdogo wangu alilia kama mtoto. Akasema kuanzia leo haamini maandishi, haamini namba, haamini hata sauti yangu mimi yaya wake, dada yake mkubwa.

"Mimi nitaamini mluzi wa mama tu," alisema. "Huo hakuna tapeli wa kuuiga."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tulikubali wote. Mama alifurahi hata, akapiga mluzi palepale, jirani akashika kichwa.

Haikupita muda, mama akaanguka. Alikuwa amepanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kituku, walipofika Murara gurudumu likateleza kwenye yale mawe ya volkano, dereva akaangukia upande huu na mama akaangukia uso. Meno manne ya mbele, ya juu, yalikwenda. Nilimkuta amekaa kando ya barabara, kitenge kimelowa damu, na neno la kwanza alilonitolea halikuwa kuhusu maumivu.

"Ndugu yako asijue. Aliuza moto. Akisikia hili atauza nyumba."

Ndivyo tulivyonyamaza. Jumapili zikaja, mama hakutuma kitu. Mdogo wangu akiandika kuuliza, mama aliniagiza nijibu kwamba rezo, yaani mtandao wa simu, ni mbaya, na kweli rezo ilikuwa mbaya, kwa hiyo hata uongo wenyewe haukuwa mzima. Alisema atamtumia siku atakapopata meno. Alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge hata akiwa na mimi peke yetu. Mimi, mtoto wake, aliyenisafisha mavi!

Dantisti, daktari wa meno tuliyemwendea, ana chumba kidogo, kiti kimoja na subira nyingi. Alimpima mama, akasema meno yaliyobaki ni mazuri na yanaweza kushika aparei, yaani meno ya kuvaa na kuvua. Akaweka mbili mezani tuzione. Moja ilikuwa ya rezini, kama plastiki ngumu ya rangi ya ufizi, nene, inafunika paa lote la mdomo. Ya pili ilikuwa ya metali, ina vikono vidogo vya kukumbatia meno, na sehemu ya paa ni nyembamba kama ukucha.

"Ya rezini natengeneza mimi hapa," alisema. "Lazima iwe nene, vinginevyo inavunjika. Na rezini ikipikwa inajikunyata kidogo, kwa hiyo haitalala kabisa juu ya nyama. Ya metali inakaa kama ngozi. Lakini huku hakuna anayeyeyusha hiyo metali. Natuma umbo la mdomo ng'ambo ya mpaka, na mpaka wenyewe munaujua."

Mimi ni fundi cherehani, nilielewa bila taabu. Kuna kitambaa kinachokaa mwilini na kuna kitambaa unachokivaa tu. Nikasema tungoje metali. Mama akauliza ni ipi itakayokuwa tayari kabla ya Jumapili. Basi, mazungumzo yakaisha hapo.

Ile rezini ilimpa mama uso wake. Siwezi kuidharau kwa hilo. Alicheka mbele ya kioo, akauma muhindi wa kuchoma mbele ya dantisti aliyekuwa anapiga kelele "Hapana mama, hapana!" Ila mluzi ulikataa. Ulimi ulienda pale ulipozoea kwenda, ukakuta ukuta. Palipokuwa na nafasi ya hewa kuzunguka, sasa palikuwa na unene wa rezini. Dantisti akakwangua kidogo nyuma ya meno. Mama akarudi nyumbani akajaribu, ukatoka mvuke. Akajaribu akipika, akajaribu akifua, akajaribu hata kwenye misa wakati wa matoleo, nikamfinya. Polepole kitu kikaanza kutoka. Kilikuwa chembamba, na hakikupanda mwishoni.

"Mutumie huo huo," nilimwambia.

"Nusu mluzi? Atasema ni tapeli mwenye mafua." Akacheka mwenyewe. "Bado kidogo. Wiki ijayo."

Wiki hiyo kipindupindu kikaingia kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, watu wanachota ziwani. Hapa lazima niseme jambo moja la nyumba yetu. Kabla yangu mama alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, na kipindupindu kilimchukua kwa siku moja. Tangu hapo, sauti ya ugonjwa huo ikisikika popote, mama anawasha makaa, anatafuta sufuria kubwa, na chochote kinachoingia mdomoni mwa mtu kinachemshwa: vijiko, vikombe, chuchu za chupa za watoto wa wapangaji. Goma nzima tuko hivyo, lakini mama alipita kipimo. Dantisti alikuwa amemwambia aparei anaisuuza kwa maji ya baridi. Mama alisikia vizuri sana. Lakini akili ya mtu aliyezika mtoto haimsikilizi dantisti.

Nilirudi kutoka kununua uzi nikamkuta anaitoa kwa uma, pamoja na vijiko. Ilikuwa bado inang'aa. Ukiitazama hivi hivi huoni kosa.

"Sasa iko safi," alisema, akapuliza, akaitia mdomoni.

Ikakaa kama kigoda cha mguu mmoja mfupi. Ukibonyeza kushoto, kulia kunainuka. Alipotamka jina langu iligonga, tak. Akaitoa, akaitazama, akairudisha akaisukuma kwa kidole gumba kwa nguvu, kwa hasira, mpaka ufizi ukatoka damu. Nilimshika mkono. Sikuwahi kumwona mama yangu akitazama kitu kwa namna ile, isipokuwa kaburi.

Dantisti hakutukaripia. Alicheka kidogo kwanza, kisha akaona uso wa mama akaacha.

"Mama, rezini ikionja maji ya moto inasahau mdomo wako. Hairudi tena. Wacha tufanye ya metali."

Akamjaza mama mdomo ile dawa laini ya kuchukua umbo, akamimina plasta, mdomo wa mama ukatoka mweupe mezani, na pengo lake. Akaufunga kwenye kitambaa, akampa mwenzake anayevuka mpaka. Sisi tukabaki kungoja.

Na hapo ndipo moyo wa mama ulipoanza kuchoka. Nasema moyo, ule wa kwenye kifua. Miguu ilivimba, ngazi mbili za mlangoni zikawa mlima. Daktari wa hospitali alituambia bila kuzunguka kwamba kama kuna watoto walio mbali, waitwe. Mama alikuwa amelala lakini alisikia. Tulipofika nyumbani aliomba simu mwenyewe.

"Sasa ajue," alisema.

Akavaa ile rezini iliyopinda, kwa sababu bila meno kabisa maneno yake yalikuwa yanamwagika. Akasema, na mimi nimeshika simu karibu na mdomo wake: "Mwanangu, ni mama. Niko mugonjwa. Uje unione." Kila neno liligonga. Herufi za s zilitoka na povu. Hata mimi, niliyekuwa nimekaa naye kitanda kimoja, ningesikia sauti ile gizani nisingemjua.

Jibu lilikuja kwa maandishi: "Piga mluzi."

Aliitoa aparei akajaribu kupitia pengo, ikatoka hewa. Akairudisha akajaribu tena, ikatoka tak na mate. Akajaribu mpaka akaanza kuhema, nikamwambia mama inatosha. Akasema tuma hivyo hivyo, mutoto hujua mama yake. Nikatuma.

"Matapeli munaendelea kusoma masomo, sasa mumefika hadi kwenye namba ya mama," aliandika. "Mama yangu mumuache." Halafu picha yake ikapotea kwenye simu, na kila nilichoandika kikabaki na alama moja tu. Alikuwa ametufungia.

Nilikimbia kwa yule jirani, ambaye namba yake aliijua, nikaomba simu, nikapiga. Akapokea. Nilieleza yote kwa pumzi moja, na hapo ndipo nilipoona jinsi ukweli unavyoweza kuwa mchafu kuliko uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Kwa hiyo mama alianguka na moto, meno yakavunjika, munanificha miezi yote hii. Halafu akapata meno mengine. Halafu akayachemsha kwenye sufuria pamoja na vijiko. Na ndiyo maana hapigi mluzi." Alicheka, kicheko kibaya. "Na sauti ya yaya munaitengeneza vizuri, hongera. Lakini hata uongo wa maana mumekosa kuutunga?"

Akakata. Namba ile nayo akaifunga. Nilijaribu video kwa simu ya mtu mwingine, hakupokea. Tangu atapeliwe hapokei namba asiyoijua. Namba ya mke wake ilikuwa imekwenda na simu yangu iliyoporwa. Uwanja wa ndege umefungwa. Mwishowe tulimpata mfanyabiashara mmoja wa kwetu anayekwenda Lubumbashi kwa kuzunguka Uganda na Zambia, tukampa neno amfikishie kwa mdomo wake, uso kwa uso. Ni safari ya mtu ambaye haharakishwi.

Nilimkasirikia mdogo wangu. Nilimwita mpumbavu, nilimwita jiwe, nikimwambia mama huku nakwangua sufuria. Mama alinikataza.

"Anafanya nilivyomufundisha," alisema. "Mimi ndiye nilimuzoesha kuamini mluzi tangu utoto."

Metali ilifika mama akiwa hawezi tena kwenda kwa dantisti, kwa hiyo dantisti alikuja mwenyewe nyumbani, amevaa viatu vilivyojaa vumbi jeusi. Alifungua kikaratasi. Ilikuwa ndogo hata nikadhani kuna kipande kimesahaulika. Akamwinua mama kichwa, akaisogeza, ikaingia kwa mlio mdogo sana, ikatulia. Alibonyeza kushoto. Akabonyeza kulia. Hakuna kilichoinuka. Mama alipitisha ulimi juu ya paa la mdomo, akaurudisha, akaupitisha tena.

"Ulimi umefika nyumbani," alisema. Na hakuna kilichogonga. Ilikuwa sauti yake, ile ya Kituku, dhaifu tu kwa pumzi.

Dantisti akamwonya asije akachemsha hata hii, kwa kuwa meno yenyewe bado yameshikwa kwa rezini. Mama akamwambia, "Usiniseme kama mutoto," sote watatu tukacheka. Nakumbuka kicheko kile na nachukia kwamba kilikuwa kizuri.

Alipumzika kwanza. Kisha akaniita na simu, nikarekodi. Wa kwanza ulikatika katikati. Akavuta pumzi, akanionyesha kidole, ngoja. Wa pili ukatoka mrefu, mwembamba, na mwishoni ukapanda. Uani kuku walitawanyika, na jirani aliyekuwa anafua akasimama na nguo mkononi. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mwanamke mwenye wajukuu, miguu yangu ilisimama yenyewe kwenda kujibu.

Nikatuma. Alama moja.

Tangu saa ile, kila simu ikilia mama aliuliza, "Amejibu?" Nami nilisema rezo, mama. Rezo haiko. Aliitikia kwa kichwa, akalala kidogo, akafungua macho. "Amejibu?" Hakuomba chakula, hakuomba padri, aliyekuja alikuja kwa kuitwa na mimi. Alikufa mchana, jua linawaka, watoto wa shule wanapita barabarani na makelele yao, na mimi nimeshika simu ile kama mjinga.

Wanawake waliomwosha waliniuliza kama watoe yale meno. Mmoja aliyajaribu kwa kidole, akashangaa kwamba hayakucheza hata kidogo. Nikasema yaacheni. Amezikwa nayo, amefunga mdomo vizuri, na waliopita kumuaga walisema uso wake haukubadilika.

Yule mfanyabiashara alifika Lubumbashi tukiwa tumeshakunja turubai la kilio. Mdogo wangu akapiga. Nilipoona jina lake kwenye simu nilipokea, na sikungoja hata asalimie. Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii nduguye wa tumbo moja, na yeye alikuwa anasema tu, "Ndiyo yaya. Ndiyo yaya." Nilipochoka, tukalia, kila mmoja upande wake wa nchi. Uchungu mmoja, nchi kubwa bure.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya wakati ule wa utotoni, "Huyo muzee ananiambia mama alipata meno mazuri mwishoni. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alipiga?"

"Alipiga. Ulikuwa umefunga."

"Nitumie," akasema.

Nikatuma. Safari hii alama zikawa mbili, mara moja, bila shida yoyote, kana kwamba hakukuwahi kuwa na ukuta. Zikageuka buluu. Nikangoja nimekaa kwenye kitanda cha mama, godoro likiwa limeshaanikwa, ubao mtupu. Nilijua anausikiliza tena na tena. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo.

Jibu lilikuja kwa sauti. Halikuwa na neno hata moja. Ilikuwa miluzi miwili, mifupi.

"Unamujibu nani sasa?" nilipiga kelele ndani ya chumba, peke yangu. "Unamujibu nani, wewe mpumbavu? Mama yuko wapi sasa?"

Halafu nikainua simu, nikaiweka kwenye ubao wa kitanda, upande ule alikokuwa analaza kichwa, nikaubonyeza ule ujumbe wa miluzi miwili tena. Kwa sababu usipojibu, anaanza kukutafuta.